Kalikiti ya Mke wa Meneja

SEHEMU YA SABA

Wiki nzima kidole cha Wilhelmina kimekaa hewani. Wewe msomaji umepanga foleni ya unga, umeukosa, umerudi nyumbani, umelala, umeamka, na kidole hakijafika mdomoni. Leo kinafika.

Kilifika. Wilhelmina, msusi, alikilamba.

"Tamu," alisema.

Paskalina, mke wa meneja wa duka la ushirika, alishusha pumzi. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha saluni kama askofu kwenye kiti chake. Kichwa kilijaa rola, dawa ya kwanza ya kalikiti ilikuwa inamtambaa kwenye ngozi, na moyoni alikuwa anamdharau kila aliyekuwemo chumbani, kuanzia msusi mpaka mjusi wa ukutani.

"Ulidhani nini?" aliuliza. "Kwamba mke wa meneja atakuletea mchanga?"

"Nisamehe, Mama Melkiadi. Siku hizi mtu anaonja hata maji ya baraka."

"Nyie mliokuja mjini kwetu kwa basi mna kasoro moja. Hamwamini watu."

Wilhelmina aliitikia kwa kichwa, kwa adabu zote. Halafu akakunja mkono wa blauzi, akauzamisha ndani ya mfuko aliouleta Paskalina, mpaka kwenye kiwiko, akatoa ngumi, akaifungua, akalamba tena.

Safari hii alitema.

"Ni nini?" aliuliza Otilia kutoka kwenye benchi.

"Chumvi," alisema Wilhelmina. "Juu sukari, chini chumvi. Chumvi tupu."

Sasa tuelewane kabla kelele hazijaanza. Mapatano yalikuwa kichwa kimoja cha kalikiti kwa kilo tano za sukari. Wilhelmina hakutaka fedha, kwa sababu mwaka ule fedha ulikuwa nayo ukawa unaitazama tu. Alitaka sukari kwa kuwa kesho yake, Jumapili, mwanawe wa pekee Eustace angepokea Komunyo ya kwanza, na nusu nzima ya parokia ilikuwa imealikwa chai. Nyama wageni wangesamehe. Soda wangesamehe. Chai isiyo na sukari wangeinywa kimya, wakaaga mapema, halafu wakasimuliana mpaka Eustace aoe.

Paskalina naye alitaka kalikiti kwa sababu jioni ile ile angekuwa matroni kwenye harusi ya binti wa Bwana Melkiori, mkubwa wa mume wake. Mpiga picha alikuwa anatoka Arusha. Katika Babati yote hapakuwa na mwanamke mwingine ambaye angepigwa picha akiwa na kalikiti, na Paskalina alikuwa ameshachagua ukuta wa kuitundika.

"Kumbe!" alisema sasa, akijishika kifua. "Vijana wa stoo hawa! Wamechanganya!"

"Vijana wa stoo," alisema Otilia taratibu, "ndio waliomwaga gilasi moja ya sukari juu ya chumvi, wakaisawazisha vizuri hivyo?"

Otilia alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa parokia, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele, na alikuwa anasubiri kusukwa mistari. Jumanne alikuwa amesimama kwenye foleni ya duka la ushirika tangu jogoo la kwanza, akafika dirishani, akaambiwa ghala limebaki panya.

Sukari ile Paskalina aliisawazisha mwenyewe kwa kijiko cha supu, kwa uangalifu wa mtu anayepamba keki, na kwa kweli alijivunia kazi yake. Stoo ya mume wake ilikuwa na sukari. Lakini kumpa msusi kilo tano nzima, kwa ajili ya nywele tu, kulimchoma moyoni. Alikuwa amepiga hesabu kwamba mfuko utafunguliwa kesho, naye leo atakuwa ameshapigwa picha.

"Basi chukua chumvi," alisema. "Nayo ni adimu. Kuna watu Bonga wanapika mboga kwa magadi matupu."

"Nitawawekea wageni chumvi kwenye chai?"

"Watu wa kwenu wanakunywa nini kwani? Si pombe ya ndizi? Wapeni hiyo."

Otilia aliguna. Wilhelmina hakuguna. Alikwenda kwenye rafu, akaichukua chupa ya dawa ya pili, akaitumbukiza kwenye mfuko wa eproni yake, akakaa kwenye kigoda. Akavuta kikapu. Akatoa sindano na sweta ya Eustace iliyobakiza mkono mmoja.

"Unafanya nini?" aliuliza Paskalina.

"Nafuma."

"Na kichwa changu?"

"Kichwa chako kinasubiri sukari, Mama Melkiadi. Mimi nimesubiri tangu asubuhi, nimezoea. Kitazoea na chenyewe."

Hapo ndipo Paskalina alipoelewa alivyokamatwa. Kalikiti ina dawa mbili. Ya kwanza hulegeza nywele, ya pili huzikaza zikabaki na mawimbi. Ukiiacha ya kwanza peke yake haijui kusimama. Hulegeza, hulegeza, mpaka nywele zinasahau kwamba zilikuwa nywele.

"Mama Eustace," alisema kwa sauti ya chini, sauti aliyoitumia kwa wafanyakazi wa mume wake, "hiyo dawa imetoka wapi?"

Sindano zilisimama.

"Namanga," alijijibu mwenyewe. "Imevuka mpaka gizani. Hiyo ni magendo, na mimi nikisema neno moja, moja tu, kesho Eustace atapokea Komunyo na mama yake yuko mahabusu. Lete chupa."

Nje, cherehani ya fundi wa mbele ilikuwa inaenda, ikasimama nayo, kwa sababu fundi alikuwa na masikio.

Wilhelmina aliinua macho. "Ilipanda lori," alisema.

"Lori gani?"

"Lori lililopeleka mbaazi likarudi na mafuta ya kupikia. Lenye maandishi ya ushirika mlangoni. Boksi lilikaa mbele, miguuni kwa bwana mmoja mnene ambaye alinitoza shati la mikono mirefu. Lile la bluu. Baba Melkiadi amelivaa kanisani mara ngapi?"

Otilia alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, benchi likalia. "Na mimi nililisifia! Nilimwambia, Baba Melkiadi, umependeza!"

Lile shati Paskalina alikuwa amelipiga pasi yeye mwenyewe, akiamini limetoka Ulaya kwa mapadre.

Na ngozi ya kichwa ikaanza kuwaka.

Ilianza nyuma ya sikio, kama siafu mmoja aliyepotea njia. Siafu akaita wenzake. Paskalina alikaza meno. Kwenda nyumbani kuchukua sukari kusingewezekana, maana stoo ilifungwa na funguo alikuwa nazo mume wake, Alois. Kuomba radhi? Amwombe radhi msusi? Mbele ya Otilia? Afadhali siafu.

Alitazama nje kwa dirisha. Muuza maziwa wa Mutuka alikuwa anapita na baiskeli yake, madumu yakigongana.

Mutuka. Huko ndiko alikokaa mama mkwe wake, Bibi Natalia, mwanamke ambaye Paskalina alimtembelea Krismasi tu, tena kama mvua imekataa kunyesha. Na wazo lilipomjia, msomaji, lilimjia lote kwa mkupuo, likiwa limevaa na viatu.

"Ngojeni," alisema. "Yule ni mtu wa kwetu. Huenda amemwona Baba Melkiadi."

Akatoka, na rola zake, na taulo mabegani. Walimwona akimsimamisha muuza maziwa. Walimwona akinong'ona naye. Walimwona muuza maziwa akitikisa kichwa, akigeuza baiskeli, akiondoka mbio.

Halafu walimsikia.

"Maaama! Maaama mkwe wangu! Bibi Natalia ametutoka!"

Alirudi ndani akipepesuka, akaanguka. Lakini alianguka kwa mpango. Goti kwanza, kisha kiganja, kisha kiuno, na kichwa kikabaki juu kama cha bata anayevuka bwawa, rola zisije zikaguswa.

Otilia alisimama. Kicheko kilimkauka usoni. "Bibi Natalia? Bibi Natalia wa Mutuka? Juzi tulikuwa naye kwenye rozari!"

"Alfajiri," alilia Paskalina. "Amelala hakuamka."

Otilia alilia machozi ya kweli, makubwa, yasiyo na hesabu. Fundi aliacha cherehani akaingia akiwa amevua kofia. Mwuza maandazi wa kona aliingia. Wengine wawili watatu ambao hawakumjua marehemu waliingia pia, wakalia vizuri kuliko waliomjua. Na Wilhelmina alitupa sweta, akapiga magoti sakafuni, akamkumbatia yule aliyemletea chumvi.

"Pole, dada yangu. Pole sana. Sukari nimesamehe. Nani anadai sukari penye msiba?"

Paskalina alifurahi mpaka akasahau kulia, ikabidi aanze upya.

Watu wepesi hawa, aliwaza huku akipiga yowe. Kondoo. Unawafungulia mlango, wote wanaingia. Otilia alikuwa ameshatandaza kanga sakafuni na watu walikuwa wanatupia rambirambi. Mwuza maandazi alitoa fedha yake ya asubuhi yote. Msichana mmoja alitumwa dukani kumpa Alois habari kwa upole. Paskalina alimwona anaondoka, akataka kumwita, lakini mfiwa ataitaje? Akawaza kwamba atamweleza Alois baadaye, na Alois alikuwa mtu wa kuelezeka.

"Sasa, Mama Eustace," alisema, akijifuta mahali ambapo machozi yangekuwepo, "nimalizie haraka, nikawahi."

"Nikumalizie nini?"

"Dawa ya pili."

Wilhelmina alirudi nyuma kidogo akamtazama. Kama kulikuwa na kitu kwenye macho yale, Paskalina hakukiona, kwa sababu hakuwahi kumtazama msusi machoni.

"Mama Melkiadi. Mkwe wako hajafunikwa udongo, na wewe unataka mawimbi?"

"Nimeungua! Kichwa kinawaka moto!"

"Kweli, masikini. Njoo."

Akamwinamisha juu ya beseni. Ndoo zake mbili za maji, zilizotoka bombani saa ya zamu kwa foleni yake na matusi yake, Wilhelmina alizimwaga zote kwenye kichwa kile bila kubakiza tone. Rola moja moja zilitoka. Siafu walikufa. Paskalina aliona raha mpaka alipojitazama kwenye kioo. Nywele zilikuwa zimelala kichwani kama ndevu za muhindi zilizonyeshewa.

"Sasa dawa ya pili!"

"Sasa," alisema Wilhelmina, "wembe."

Akafungua droo, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa wembe mpya, bado umevaa karatasi yake. Chumba kizima kilivuta pumzi. Mwaka ule wanaume walioheshimika kwa ndevu za kinabii walikuwa wanazifuga kwa kukosa wembe, si kwa kupenda.

"Mpya!" alisema fundi, karibu aupigie saluti.

"Niliuficha tangu mwaka juzi. Ndiyo rambirambi yangu." Wilhelmina aliuinua mbele ya watu. "Mke wa mtoto wa kwanza. Hatanyolewa kwa wembe butu, mimi nikiwepo."

Huu ndio mlango ambao Paskalina hakuuona alipokuwa anajenga nyumba yake ya uongo. Alikumbuka yowe, alikumbuka kuanguka, alikumbuka hata rambirambi. Kunyoa alikusahau. Kwenye ukoo wa mume wake, mama akifa, watoto na wake wa watoto wanatoa nywele, na mke wa mkubwa ndiye anayetangulia.

"Lakini ni baada ya mazishi!" alisema.

"Ndiyo desturi," alikubali Otilia, akipenga kamasi. "Lakini kichwa hicho kimetiwa dawa ya harusi leo leo, kinanuka mpaka stendi. Mawifi zako watasema nini? Watasema alipata habari, akapitia saluni kwanza."

"Nitafunga kitambaa."

"Watakifungua. Unawajua mawifi zako."

Aliwajua. Waliwahi kumfungua pochi.

"Sisi ni Wakristo! Mambo ya mila tumeyaacha!"

"Mimi ni mwenyekiti wa kina mama," alisema Otilia, "na kwa mkwe wangu nilinyolewa kwa mkasi wa kukatia kitambaa. Padre alinikuta kipara, akanipa pole. Usitufundishe Ukristo, mwanangu. Kaa."

Walimkalisha, kwa upendo, huku wakimshika mabega. Paskalina alitazama wembe. Alitazama kioo. Kulikuwa na njia moja tu ya kutoka, nayo ilikuwa kusema kwamba mama mkwe wake ni mzima, anakula, anatembea. Kumtangaza mkwe aliye hai kuwa maiti si mzaha ambao watu wa Mutuka wanausamehe mapema. Lakini harusi ilikuwa jioni. Picha ilikuwa jioni. Akafumba macho, akafungua mdomo.

"Jamani, ukweli ni kwamba..."

Honi ililia nje. Pikapu ya ushirika ilifunga breki, vumbi likaingia saluni kabla ya dereva.

"Mama! Mama yangu mzazi!"

Alois alisimama mlangoni. Tumbo lilikuwa lile lile, la mtu aliyenenepa wakati wilaya nzima imekonda. Kichwa kilikuwa kipya. Bwana meneja, kwa haraka ya kuonekana ana uchungu kuliko ndugu zake, alikuwa amepitia kwa kinyozi wa sokoni, na kinyozi alikuwa na wembe mmoja ulionyoa nusu ya mji tangu masika. Kipara kilikuwa kibichi, chenye michirizi, kikimeremeta kama kitumbua.

"Mke wangu!" alilia. "Wewe ndiye uliyepokea habari! Alisema nini mwisho?"

Yale maneno ya Paskalina yalirudi tumboni. Huwezi kumwambia mtu kwamba mama yake hajafa wakati damu inamtiririka kisogoni.

"Alikutaja," alisema.

Alois alipiga yowe hadi viboko wa ziwani, kama walikuwa wamelala, waliamka.

Otilia naye alikuwa ametupa macho nje. Alikuwa anaitazama pikapu.

"Pole sana, Baba Melkiadi. Lile gunia pale nyuma ni la nini?"

"Sukari," alisema Alois, akifuta pua. "Ya msiba. Watu watakunywa nini?"

"Jumanne ulituambia ghala limebaki panya."

"Jumanne mama yangu alikuwa hai!"

Watu walitazamana. Jibu lenyewe lilikuwa limekamilika. Lilikuwa limeeleza mwaka mzima.

"Mbona hajanyolewa?" Alois aliuliza, akimwonyesha mkewe. "Mimi nimetoa zangu! Mama alimpenda huyu kama binti yake. Nyoeni!"

Wilhelmina alishusha wembe. Fungu la kwanza lilianguka begani, likateleza, likatua sakafuni karibu na mfuko wa chumvi. La pili likafuata. Wembe mpya hausikiki. Paskalina aliutazama upande wake wa kulia ukipotea kwenye kioo, polepole, kama shamba linalovunwa na watu waangalifu, na kwa mara ya kwanza siku ile alilia machozi yenye maji.

"Unaona anavyompenda," alinong'ona fundi.

Ndipo sauti ikasema mlangoni, "Hodi."

Wembe uliendelea.

"Hodi, nimesema. Siku hizi hodi haijibiwi?"

Alikuwa mama mzee, mfupi, shuka begani, fimbo mkono huu, kuku chini ya kwapa la mkono ule. Alikuwa na vumbi hadi magotini na hasira ndogo ya mtu aliyetembea.

Otilia alifanya ishara ya msalaba. Mwuza maandazi alikaa chini pasipokuwa na kiti. Alois alirudi nyuma akakanyaga beseni, akabaki amesimama ndani yake.

"Nimelala Nakwa kwa mdogo wangu," alisema Bibi Natalia. "Nimekuja na kuku wa harusi. Njia nzima watu wananiona wanakimbia. Mmoja ametupa ndoo ya maji, ndoo nzima, na maji yenyewe haya ya shida. Nyie nanyi mnalia. Nani amekufa?"

Aligonga fimbo sakafuni.

"Alois. Nani amekufa?"

"Wewe, mama."

"Mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Lini?"

"Alfajiri."

Bibi Natalia aliifikiria habari hiyo. Alimhamisha kuku kwapa jingine. "Nani amesema?"

Vichwa viligeuka vyote pamoja. Kwenye kiti cha saluni, nusu nywele na nusu ngozi, Paskalina alijaribu kutabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Nani amesema?"

"Muuza maziwa! Muuza maziwa wa Mutuka ndiye aliyeniambia! Atafungwa yule! Watu wote hapa walimwona!"

"Walituona ndiyo," ilisema sauti nyuma ya Bibi Natalia, na muuza maziwa akajipenyeza, anahema, dumu mkononi. "Mama Melkiadi, ule mtindi ulioniagiza nikimbilie, wa kupeleka harusini, nimeupata. Mbona kumejaa? Shikamoo, Bibi Natalia."

"Marahaba, mwanangu," alisema marehemu.

Msomaji, ungetegemea kelele. Ungetegemea fimbo. Mimi pia. Lakini Bibi Natalia alikwenda kwenye benchi, akakaa pale Otilia alipokuwa, akamweka kuku miguuni. Alikitazama kipara cha mwanawe. Aliitazama kanga yenye rambirambi. Alitazama nyuso zilizolowa.

"Mmenililia," alisema.

"Tumekulilia, mama," alisema Otilia, akaanza tena.

"Vizuri. Na lile gunia kwenye gari?"

"Sukari ya msiba wako," alisema Alois, akitoa mguu kwenye beseni. "Lakini sasa, mama, kwa kuwa u mzima, nitalirudisha..."

"Utarudisha na nywele zako?"

Alois alijishika kichwa.

"Wewe umenyoa," alisema Bibi Natalia. "Hawa wamelia. Rambirambi imetoka. Kila kitu cha msiba kimefanyika, nimekosekana mimi tu. Niwasumbue watu mara mbili? Siku nikifa kweli mtawaambia ghala limebaki panya. Leo sukari ipo. Igaweni kwa walionililia, na maji yawekwe jikoni. Nataka kunywa chai ya msiba wangu nikiwa na meno."

Hakuna amri iliyotekelezwa haraka hivyo Babati tangu mji uanze. Gunia lilishuka lenyewe. Mizani ya mwuza maandazi ilitokea, na maji ya chai yakatoka kwa fundi. Rambirambi zilirudi mifukoni mwa wenyewe, na foleni ilijipanga kwa adabu ambayo duka la ushirika halijawahi kuiona.

"Wewe msusi umetoa nini?" aliuliza Bibi Natalia.

"Wembe, bibi. Na kalikiti ya kilo tano, lakini ile nimeshasamehe."

"Mpya, wembe?"

"Mpya."

"Mpimieni huyu kwanza. Kilo tano."

Walimpimia. Wilhelmina alilamba kidole juu, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akalamba tena. Halafu akacheka, kicheko cha mama ambaye kesho ana wageni.

"Mama," alianza Paskalina, "mama mkwe wangu, nisamehe, hasira yako..."

"Hasira?" Bibi Natalia alimtazama kama anavyotazamwa mbuzi asiyefaa kununuliwa. "Mimi hasira ninamwekea mtu. Wewe kaa utulie. Msusi, malizia. Mke wa mwanangu hatatembea mjini na nusu kichwa."

Wembe ulirudi kazini.

Ni hapo tu ndipo watu walipogundua kwamba Alois anahesabu kwa vidole. Alikuwa amesimama kando ya gunia, ambalo sasa lilikuwa limelegea kama soksi, na midomo yake ilikuwa inasogea bila kutoa sauti.

"Una nini wewe?" aliuliza mama yake.

"Sukari hiyo," alisema Alois. "Si ya ushirika. Ni ya Bwana Melkiori. Ya harusi. Alinipa niitunze mpaka jioni, akaihesabu mbele yangu. Nilijua kwa msiba atanielewa. Lakini sasa msiba hakuna!"

"Msiba upo," alisema Bibi Natalia, akipuliza chai. "Marehemu ndiye hakuna."

Nje, gari dogo jeupe lenye utepe wa waridi lilikuwa linakata kona ya fundi. Lilisimama nyuma ya pikapu. Mlango ulifunguliwa, kikatoka kiatu cheusi kilichong'aa, ikatoka suti, likatoka ua kifuani, na mwisho akatoka Bwana Melkiori mwenyewe, saa mkononi, amekuja kumchukua matroni wake na kuulizia gunia lake.

Aliwaona watu wote barabarani wakiwa na vifurushi vya karatasi mikononi. Aliona mmoja akilamba kidole. Akaanza kutembea kuja mlangoni.

Paskalina alimwona kwenye kioo, juu ya kipara kitupu ambacho ilimchukua muda kutambua ni chake. Aliteleza kwenye kiti ili ajifiche chini ya kaunta. Lakini Wilhelmina alikuwa ameshapiga mkono wa mwisho. Alipuliza shingo ya mteja wake, akampangusa mabega kwa taulo, akashika mgongo wa kiti, akakizungusha taratibu mpaka kikaelekea mlangoni.

"Karibu, Bwana Melkiori," alisema. "Matroni wako yuko tayari."